Hakuna Anayezungushwa: Vitenzi Vitatu na Mzunguko Mmoja wa Walsi

Mwezi wa nane mwaka 2022, katika darasa moja la shule huko Sake, wilayani Masisi, nilimwona mtu mwenye akili na nguvu akishindwa na mapigo matatu ya muziki. Alikuwa mchumba wa dada yangu, kijana wa Walikale, motari kwa kazi, yaani dereva wa pikipiki ya abiria. Barabara ya Masisi kwenda Nyabiondo alikuwa ameipita wakati wa mvua na abiria wawili nyuma, wala hakuanguka. Harusi ilikuwa imebakiza wiki tano. Dada alitaka wafungue dansi kwa walsi, na ndani ya walsi hiyo alitaka kuwe na mzunguko mmoja aliouona kwenye video: mwanamke anapita haraka mbele ya mwanamume, na wote wawili wanatokea wakitazamana, tayari kuendelea.

Mwalimu wao alikuwa amejifunza dansi kwa Kifaransa na alifundisha kwa Kifaransa. Alipoona shemeji haelewi, alihamia Kiswahili kwa neno moja tu: “Muzungulushe! Muzungulushe!” Shemeji akatii. Alimvuta dada kwa mkono wa kushoto, akamsukuma kwa wa kulia, na dada akayumba hadi kwenye ubao. Walirudia mara nyingi, na kila mara mambo yalikwenda vilevile. Mwishowe shemeji aliketi juu ya dawati akaniambia, “Shemeji, hii ni mambo ya wale walisoma. Mimi niliishia mwaka wa ine.”

Hoja yangu ni kwamba shemeji hakushindwa na mwili wake, wala kisomo hakikumpungukia. Alifanya sawasawa kile alichoambiwa. Kilichomwangusha ni kauli ya kutendesha. Ili nieleze hivyo, ni lazima kwanza nieleze mzunguko wenyewe, kisha vitenzi vyetu vya kuzunguka, halafu turudi darasani Sake.

Walsi na majina yake

Jina la walsi lenyewe limetoka kwenye kitenzi. Kijerumani kina walzen, kuviringika au kuzunguka, na dansi hii ya wawili walioshikana ilienea Ulaya ya kati katika karne ya 18. Walsi tunayoizungumzia hapa ni ile ya polepole, yenye mapigo matatu katika kila kipimo na vipimo 28 hadi 30 kwa dakika. Hiyo ilipata sura yake Uingereza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Chama cha walimu wa dansi kilichoanzishwa London mwaka 1904 kiliunda tawi la dansi za ukumbini mwaka 1924, na walimu wake wakakaa wakakubaliana: hatua hii inaanza kwa mguu upi, inageuka kiasi gani, inaitwaje. Majina yote yakawa ya Kiingereza.

Wasomaji wa jarida hili watakumbuka kazi inayofanana nayo. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi yake. Karibu katika miaka ileile, kule walikuwa wakisanifu miguu, huku wakisanifu maneno. Kazi hizo mbili hazikukutana.

Dansi zenyewe zilitufikia bila kungoja kamati. Kwanza ilikuja beni, ngoma iliyochukua jina lake kutoka bendi za kijeshi, ambayo Terence Ranger aliifuatilia kutoka pwani hadi bara katika kitabu chake cha mwaka 1975. Kisha likaja dansi lenyewe, na vikundi kama Dar es Salaam Jazz Band vya miaka ya 1930, ambapo watu wa mjini walicheza fokstroti, walsi na rumba. Kwetu Congo rumba ndiyo iliyotawala, hata UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwezi wa Desemba 2021. Hivyo majina ya dansi tunayo: walsi, rumba, chacha. Majina ya kinachofanyika ndani ya dansi, yaani hatua moja moja na namna ya kugeuka, mara nyingi tunayaazima kila tunapofundisha, au tunafundisha kwa vidole na kelele.

Mzunguko wenyewe

Mzunguko alioutaka dada unaitwa, ukilifasiri jina lake la Kiingereza, mzunguko wa kinyume maradufu. Katika walsi, kugeuka kwa upande wa kulia ndiko kunakoitwa kwa asili, na kwa upande wa kushoto ndiko kwa kinyume. Mzunguko huu unakwenda kushoto. Unachukua kipimo kimoja tu cha muziki, na ndani ya kipimo hicho wawili hao wanageuka kati ya robo tatu ya duara na duara zima. Nitamwita mmoja kiongozi na mwingine mwenzi. Kwa desturi ya dansi hizi kiongozi ni mwanamume, lakini miguu haijui hilo.

Ugumu wake ni kwamba wawili hao hawana idadi sawa ya hatua. Kiongozi anapiga hatua mbili tu, kisha anageuka akiwa amesimama juu ya mguu mmoja. Mwenzi anapiga hatua nne. Hesabu inakuwa “moja, mbili, na, tatu”, ambapo “na” imebanwa katikati ya pigo la pili na la tatu.

Pigo la kwanza: kiongozi anakwenda mbele kwa mguu wa kushoto, akianza kugeukia kushoto. Mwenzi anarudi nyuma kwa mguu wa kulia.

Pigo la pili: kiongozi anaweka mguu wa kulia pembeni, akiwa anapita kwa nje, kumzunguka mwenzi. Mwenzi hahami. Anageuka juu ya kisigino cha kulia, vidole vimeinuka kidogo, huku mguu wa kushoto ukivutwa hadi uungane na wa kulia. Miguu ikishaungana, uzito unahamia mguu wa kushoto.

“Na”, kisha pigo la tatu: sasa kiongozi ndiye asiyehama. Amesimama juu ya sehemu ya mbele ya unyayo wa kulia, anaendelea kugeuka kushoto, na mguu wake wa kushoto unasogea karibu na wa kulia bila kubeba uzito. Wakati huohuo mwenzi anapita kwa nje: mguu wa kulia unakwenda pembeni na nyuma kidogo kwenye “na”, kisha wa kushoto unavuka mbele ya wa kulia kwenye “tatu”.

Mwisho wa kipimo, kiongozi ana mguu wa kushoto mtupu, tayari kwenda mbele. Mwenzi ana mguu wa kulia mtupu, tayari kurudi nyuma. Wanaweza kuendelea, au kurudia mzunguko uleule mara moja zaidi.

Yasome tena mapigo hayo kwa jicho la mwanaisimu. Katika nusu ya kwanza mwenzi yuko katikati na kiongozi anapita nje. Katika nusu ya pili kiongozi yuko katikati na mwenzi anapita nje. Wanapokezana kitovu ndani ya sekunde mbili.

Vitenzi vitatu

Kiswahili kina vitenzi vinavyoweza kulisema jambo hili kwa usahihi kabisa. Tuchukue vitatu: geuka, zunguka na zungusha.

Mtu akigeuka, uso wake unabadili upande. Hana haja ya kuhama. Mtu akizunguka, ana njia, na njia hiyo ina kitu katikati yake. Mwambie mgeni aliyesimama mlangoni, “Geuka,” atakuonyesha mgongo. Mwambie, “Zunguka,” atapita nyuma ya nyumba kutafuta mlango mwingine. Sarufi nayo inatoa ushahidi wake. Zunguka inaweza kuchukua yambwa: tuliizunguka nyumba, mbwa alinizunguka. Yambwa hiyo ndiyo kitovu. Geuka haichukui yambwa, kwa sababu aliyegeuka ni kitovu chake mwenyewe. Ukitaka kuonyesha upande anaouelekea, unaongeza kauli ya kutendea: aligeukia mlango, alinigeukia.

Najua mtu atasema kwamba gurudumu nalo huzunguka, na haliendi nyuma ya nyumba yoyote. Ni kweli, zunguka ina mipaka mipana kuliko geuka. Lakini pale anapozungumziwa mtu anayesimama kwa miguu yake, wasemaji hutofautisha, na hilo linatutosha hapa.

Zungusha ni jambo jingine. Hapa ameingia mtendaji ambaye nguvu yote inatoka kwake, na kuna mtendwa asiye na uamuzi. Tunazungusha usukani, tunazungusha mwiko ndani ya sufuria. Maana ya pili ya kitenzi hiki inajulikana vizuri zaidi na yeyote aliyewahi kutafuta hati: leo njoo kesho, kesho njoo Jumatatu, Jumatatu mwenye muhuri hayupo. Huyo tunasema amezungushwa. Anayezungushwa hajui anapelekwa wapi, na miguu yake inachoka kwa safari za mwingine.

Sasa rudi kwenye mapigo ya walsi, utafute mahali pa zungusha. Hapapo. Katika pigo la pili kiongozi anazunguka na mwenzi anageuka. Katika pigo la tatu mwenzi anazunguka na kiongozi anageuka. Hakuna sehemu ya mia ya sekunde ambamo mmoja anamzungusha mwingine. Wanazungukana kwa zamu, na kauli ya kutendana inasema ukweli mahali ambapo kauli ya kutendesha inadanganya.

Kwa nini basi mwalimu alisema “muzungulushe”? Sababu moja, nadhani, iko katika Kiswahili chetu cha Kivu. Tunasema kuzunguluka, na kwa masikio yangu kitenzi hicho kinabeba mzigo wa geuka na wa zunguka pamoja. Mwalimu alipotafuta neno upesi, alikuta moja, akaliongezea kiambishi cha kutendesha ili kumpa kiongozi kazi ya kufanya. Lugha nyingine za nyumbani zingemsaidia. Kinyarwanda, ambacho ni lugha ya mama ya watu wengi wa Masisi, kinatenga guhindukira, kugeuka, na kuzenguruka, kuzunguka kitu. Lakini darasani hakuna aliyefikiri kwamba lugha ya nyumbani inaweza kuwa na jambo la kusema kuhusu walsi.

Kurudi darasani

Jumapili iliyofuata niliomba ruhusa ya mwalimu, naye hakukataa. Nilimwuliza shemeji swali la kazi yake: “Ukikata kona na abiria nyuma, unamgeuza abiria?”

Alicheka. “Hapana. Ukimushika utamwangusha. Wewe unalala na pikipiki, yeye analala na wewe.”

“Basi usimzungushe huyu. Wewe geuka. Yeye atajizungukia.”

Alinyamaza kidogo, akamtazama dada, kisha akasema, “Kumbe ni abiria.” Dada akamjibu kwamba yeye si abiria wa mtu, ana miguu minne ya kupiga na shemeji ana miwili tu. Alikuwa sahihi, na tukaliweka hilo katika somo.

Tulianza bila kushikana. Kila mmoja peke yake, akitaja kitenzi kwa sauti huku mguu ukifanya. Kiongozi: nenda, zunguka, geuka. Mwenzi: rudi, geuka, pita, vuka. Geuka ya kiongozi inajaza “na” na “tatu” zote mbili, kwa hiyo aliivuta kidogo alipoitamka. Pita na vuka za mwenzi ni za haraka kuliko hatua zake za kwanza, na alizitamka haraka. Tulifanya hivyo polepole sana, bila muziki, mpaka sauti na mguu vikaacha kupishana.

Kisha wakasimama wakitazamana, mikono imening'inia. Zoezi hili ndilo lililomaliza ugonjwa wa kuvuta, kwa sababu hapakuwa na cha kuvutia. Ikiwa kiongozi hageuki kifua chake, mwenzi hana mahali pa kupita. Ikiwa anageuka kweli, nafasi inafunguka yenyewe upande wake wa kushoto. Baada ya hapo ndipo wakashikana, na muziki ukaja mwisho kabisa.

Makosa yaliyobaki tuliyataja kwa majina, maana kosa lisilo na jina hurudi. La kwanza lilikuwa hatua ndefu ya pili ya kiongozi. Mguu wa kulia ukienda mbali mno, mwenzi anang'olewa kwenye kisigino chake kabla hajamaliza kugeuka. La pili lilikuwa haraka ya mwenzi: dada alikuwa akianza kupita kabla miguu yake haijaungana, na hapo vuka inakosa nafasi. La tatu lilikuwa uzito. Shemeji alipoleta mguu wa kushoto karibu na wa kulia, aliukanyagia, kisha akajikuta hana mguu wa kuanzia kipimo kinachofuata. La nne lilikuwa la wote wawili, kutazama chini. Kichwa kikiinama, mwili wa juu unainama nacho, na mhimili unapotea. Sakafu ya saruji nayo ilikuwa na lake: kisigino cha mpira kiling'ang'ania, kwa hiyo dada alibadili viatu, akavaa vya soli ya ngozi.

Jumapili ya tatu mzunguko ulitoka. Haukuwa mzuri, lakini ulikuwa wenyewe. Mwalimu aliyekuwa ameegemea dirisha alisema kwa Kiswahili, “Vuka, vuka, vizuri,” na tangu siku hiyo nilimsikia akiwafundisha wengine kwa maneno hayohayo.

Kilichoko hatarini

Sidai kwamba kitenzi kinacheza dansi. Mwili hujifunza kwa kurudia, na neno sahihi halimwondolei mtu jasho. Sidai pia kwamba Kiswahili kinakishinda Kifaransa. Kifaransa kina maneno yake ya kutenganisha kugeuka na kuzunguka, na mwalimu yule aliyatumia vema kwa wanafunzi waliomfuata. Ninachosema ni kidogo zaidi na kinauma zaidi. Alipohamia Kiswahili, aliacha kueleza akaanza kuhimiza. Kifaransa kilikuwa lugha ya maelezo, Kiswahili kikawa lugha ya “fanya basi”. Na mtu aliyeishia mwaka wa nne aliupokea upungufu wa maelezo kama upungufu wake mwenyewe.

Hilo halitokei katika dansi peke yake. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Lakini fundi, muuguzi na mwalimu wengi bado hufanya kama yule wa Sake: jambo la kufikiri wanalisema kwa Kifaransa, amri ya mwisho wanaitoa kwa Kiswahili. Kwa mtindo huo, nusu ya darasa inapata sababu, nusu nyingine inapata amri.

Walikale ina fundisho lake la zamani kuhusu mwili na maneno. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, Candi Rureke alisimulia utenzi wa Mwindo wa Wanyanga kwa siku kumi na mbili, akiimba na kucheza huku akisimulia. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, ambaye mwenyewe ni Mnyanga na mwanaisimu, waliuchapisha mwaka 1969, Kinyanga pamoja na tafsiri. Leo mwanafunzi yeyote anaweza kuzisoma sentensi za Rureke na kuzichambua kiambishi kwa kiambishi. Hatua zake hatuwezi kujifunza kwa kusoma. Maneno ya mcheza dansi yule yalipata maktaba. Miguu yake ilihitaji mtu aliyekuwepo.

Tunaosoma lugha za Kiafrika tuna deni hapo. Tumezoea kukusanya methali, hadithi na majina ya mimea. Nadra tunakusanya vitenzi ambavyo watu hutumia wanapofundishana jambo la mkono au la mguu: kusuka, kukamua, kukata kona, kugeuka. Ndivyo vinavyopotea kwanza watu wanapotawanyika, kwa sababu vinaishi kati ya anayeonyesha na anayetazama. Kwa hiyo ninawaomba wasomaji wanaozungumza Kihunde, Kinyanga, Kitembo, Kikumu au Kinyarwanda waandike vitenzi vyao vya kugeuka na kuzunguka, pamoja na sentensi moja moja ya mfano, wavilete kwa wahariri. Orodha ya ukurasa mmoja ingetosha kuanzia.

Harusi ilifanyika mwezi wa tisa. Mzunguko ule waliufanya mara moja tu katika walsi nzima, na shangazi zetu walipiga vigelegele mahali pasipostahili, kipimo kizima baadaye. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mapigano yalipoikaribia Sake, dada na mumewe walihamia kwa wazazi wa shemeji, upande wa Walikale. Pikipiki ilibaki nyuma. Juzi shemeji alinipigia simu kuniambia kwamba kuna vijana wawili huko wanataka kuoana na wamemwomba awafundishe. Ameshawafikisha kwenye nenda, zunguka, geuka. Alikuwa na swali moja: “Shemeji, na ile ya kwenda kuume, tunaiitaje?”